Deni Halikufa, Lilihama: Wilbur Ross na Biashara ya Kununua Viwanda Vilivyofilisika

Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi wa uhasibu na sheria mliofika jioni hii,

Tanuri la kuyeyushia chuma halizimwi kama jiko la mkaa. Likipoa, chuma kilichobaki chini huganda kikawa jabali moja, matofali ya ndani hupasuka, na gharama ya kuliwasha tena hukaribia ya kulijenga upya. Kwa hiyo Desemba 2001, kampuni ya LTV ya Cleveland, Ohio, ilipopata idhini ya mahakama ya ufilisi kusimamisha uzalishaji, kabla hata ya kuuliza bei ilibidi liulizwe swali la joto: nani atalipia matanuri yaendelee kuwa na moto bila kutoa hata tani moja, mpaka mnunuzi apatikane?

Mnunuzi alijitokeza Februari 2002. Ni Wilbur Ross, mzaliwa wa New Jersey, wakati huo ana miaka 64. Aliunda kampuni mpya, International Steel Group, tuiite ISG, akachukua viwanda vya LTV kwa takriban dola milioni 325 ukijumlisha fedha taslimu na madeni machache aliyokubali kuyabeba. Oktoba 2004, miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, ilitangazwa kwamba ISG inauzwa kwa kampuni ya chuma ya Mittal kwa dola bilioni 4.5. Katikati alikuwa ameongeza viwanda vingine, kwa hiyo tarakimu hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Hata hivyo, ndizo zinazofanya kila mwanafunzi wa fedha atamani kazi hii.

Wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Sheria ya ufilisi imetengeneza dawa nyingine: deni linatenganishwa na mali, mali inakwenda kwa mwenye mtaji, na deni linakwenda kwingine. Jioni hii ningependa tuifuate safari ya deni hilo, kwa sababu vitabu vingi vya fedha vinafuata safari ya mali tu.

Tuanze na uanagenzi wake, maana ulikuwa mrefu. Ross alijiunga na benki ya Rothschild jijini New York mwaka 1976 na akakaa huko hadi mwaka 2000. Hakuwa mnunuzi. Alikuwa mshauri wa wadai. Kampuni ikishindwa kulipa, wenye hatifungani huunda kamati, na kamati humwajiri mtu wa kuwahesabia thamani ya kampuni na kuwajadilia. Mwaka 1990 aliwawakilisha wenye hatifungani za kasino ya Trump Taj Mahal ya Atlantic City: dola milioni 675 kwa riba ya asilimia 14, mzigo ambao kasino hiyo ilishindwa kuubeba mwaka uleule ilipofunguliwa. Wadai wangeweza kumtoa mwenye mali, Donald Trump. Walikubaliana kupunguza riba na kupewa karibu nusu ya umiliki, huku yeye akibaki. Waliona kwamba jina lake lilikuwa linavuta wateja, na kwamba leseni ya kasino haihamishwi kama meza na viti. Hapo kuna somo la kwanza la fani hii: kabla ya kumfukuza mwenye kampuni, uliza ni sehemu gani ya thamani itatoka naye mlangoni.

Aprili 2000 alianzisha kampuni yake, WL Ross & Co., na kuanza kununua kwa fedha za wawekezaji wake.

Sasa, mtu hununuaje kampuni muflisi? Njia ni mbili, na kila moja ina hesabu yake. Ya kwanza ni kununua madeni. Chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, mpango wa kuifufua kampuni hupigiwa kura kwa makundi ya wadai. Ili kundi lihesabiwe limekubali, waliosema ndiyo lazima washike angalau theluthi mbili ya fedha zinazodaiwa na wapiga kura, tena wawe zaidi ya nusu ya idadi yao. Maana yake, mwenye zaidi ya theluthi moja ya fedha katika kundi ana uwezo wa kuzuia. Huo ndio mlango anaoutafuta mwekezaji.

Chukueni mfano wa kubuni. Kampuni inadaiwa na benki dola milioni 300 zenye dhamana, na hatifungani za milioni 500 zisizo na dhamana. Mnakadiria kwamba ikishasafishwa itakuwa na thamani ya milioni 450. Benki inalipwa yote. Inabaki milioni 150 ya kugawiwa kwenye deni la milioni 500, yaani senti 30 kwa kila dola. Sokoni hatifungani hizo zinauzwa senti 18 kwa sababu wenye nazo wameogopa. Mnanunua za thamani ya milioni 170 kwa milioni 30.6, mnapata asilimia 34 ya kundi, na uwezo wa kuzuia mpango wowote msioupenda. Mkipatia, mtapokea hisa za kampuni mpya zenye thamani ya milioni 51.

Lakini angalieni makadirio yakikosea. Thamani ikiwa milioni 350 badala ya 450, imepungua kwa kiasi cha asilimia 22 tu. Fungu la wenye hatifungani linakuwa milioni 50, senti 10 kwa dola, na ninyi mnapokea milioni 17. Mmepoteza zaidi ya milioni 13. Thamani ikishuka chini ya milioni 300 hampati hata senti. Deni hili lililo katikati, ambalo halilipwi lote wala halifutwi lote, ndilo litakalogeuka kuwa umiliki, na ndilo linalobeba makosa yote ya makadirio. Wengi wanaoumia katika kazi hii walijua sheria vizuri sana. Walichokosea ni thamani ya kampuni.

Njia ya pili ni kununua mali yenyewe mahakamani, kwa kifungu cha 363 cha sheria hiyohiyo. Mahakama inaruhusu mali iuzwe ikiwa safi, bila madai ya nyuma kuifuata. Kwa kawaida hutafutwa mzabuni wa kwanza anayeweka bei ya kuanzia. Akishindwa mnadani hulipwa fidia kidogo kwa gharama zake za uchunguzi. Fidia hiyo si jambo dogo. Mwaka 2003 Berkshire Hathaway ilitoa ofa ya kuinunua Burlington Industries, kampuni ya nguo ya North Carolina; mahakama ilipokataa masharti ya namna hiyo, ikajiondoa, na Ross akaichukua kwa dola milioni 614.

Kwa LTV, Ross alitumia njia hii ya pili. Hakununua kampuni. Alinunua matanuri, mashine za kuviringisha mabamba, ardhi na bohari. Kampuni ya LTV, yenye jina na mikataba yake, ilibaki upande wa pili kama ganda.

Kwa nini LTV ilikuwa inafilisika kwa mara ya pili? Mara ya kwanza ilikuwa Julai 1986. Wakati huo ilijaribu kuutupa mzigo wa pensheni kwa PBGC, shirika la serikali ya Marekani linalodhamini pensheni za kampuni binafsi. PBGC ikairudishia mzigo huo, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1990 PBGC ikashinda. LTV ilitoka katika ufilisi mwaka 1993 ikiwa imebeba ahadi za vizazi vya wafanyakazi waliokwisha kustaafu, huku wafanyakazi walioko kazini wakizidi kupungua. Desemba 29, 2000 ikarudi mahakamani. Bei ya chuma cha mabamba mwishoni mwa 2001 ilikuwa karibu dola 210 kwa tani ya Marekani, na kwa bei hiyo hakuna kiwanda cha aina yake kilichoweza kulipa umeme, madini, mishahara na pensheni kwa pamoja.

Mtu anayekagua kampuni kama hii hasomi mizania kwanza. Anaomba jedwali la fedha taslimu la majuma 13: kila juma, nini kinaingia kutoka kwa wateja, nini kinatoka kwa mishahara, gesi, umeme, usafiri na malighafi. Majuma 13 ni robo ya mwaka, muda unaoweza kukadiriwa bila kubahatisha sana. Katika jedwali hilo hutafutwa juma ambalo fedha zinakatika. Juma hilo ndilo linaloamua mkopo wa dharura uwe kiasi gani, na mkopeshaji wa fedha hizo, kwa idhini ya mahakama, anaweza kupewa nafasi mbele ya wadai wa zamani. Mkosaji mkubwa katika jedwali hili ni mstari wa makusanyo. Wateja wakisikia neno ufilisi hupunguza oda au huchelewesha malipo, na wauzaji wa malighafi hudai kulipwa kabla ya kushusha mzigo. Kampuni iliyokuwa inalipa baada ya siku 30 inajikuta inalipa leo. Pengo hilo peke yake huweza kuiua kampuni ambayo kwenye mizania ilionekana nzima.

Baada ya fedha, watu. Ross na uongozi wa ISG, chini ya Rodney Mott aliyetoka kampuni ya Nucor, walikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma, United Steelworkers, chini ya rais wake Leo Gerard. Mkataba mpya uliziunganisha ngazi za kazi 32 zikawa tano. Kwa asiyejua kiwanda hili huonekana jambo la karatasi. Katika mfumo wa zamani mwendesha mashine hakuruhusiwa kugusa kazi ya fundi, na fundi wa aina moja hakugusa ya mwenzake. Mashine ikisimama, watu watatu wanasubiriana. Katika mfumo mpya aliye karibu anairekebisha. Waliorudi kazini walikuwa takriban 3,000, mahali ambapo awali palikuwa na kiasi cha 7,500. Ngazi za mameneja nazo zilipunguzwa, na chama kilisisitiza sana jambo hilo. Wafanyakazi walipewa bonasi inayotokana na uzalishaji na faida. Naiona sehemu hii ya kazi yake kuwa ya kweli na ya kuheshimika: chama kilikuwa mezani tangu mwanzo, na bila saini yake viwanda vile vingegeuka vyuma chakavu.

Sasa tulifuate deni.

Machi 2002 PBGC ilichukua pensheni za LTV: watu wapatao 80,000, na upungufu wa takriban dola bilioni 2 kati ya ahadi na fedha zilizokuwa mfukoni. Mwaka huohuo Desemba ilichukua za Bethlehem Steel, kampuni iliyofilisika Oktoba 2001 na ambayo ISG iliinunua 2003 kwa dola bilioni 1.5. Huko walikuwa watu takriban 95,000, na upungufu ulizidi dola bilioni 3.5. PBGC haiendeshwi kwa kodi ya wananchi; inategemea michango ya kampuni zenye mipango ya pensheni pamoja na mali inayorithi. Kwa hiyo sehemu ya deni ilihamia kwa kampuni zilizokuwa bado zinatimiza ahadi zao.

Sehemu nyingine ilibaki kwa wastaafu wenyewe. Dhamana ya PBGC ina kikomo: kwa mpango uliovunjwa mwaka 2002, aliyeanza kulipwa akiwa na miaka 65 hakuweza kupata zaidi ya dola 3,579 kwa mwezi, na aliyestaafu mapema zaidi kikomo chake kilikuwa cha chini zaidi. Nyongeza ambazo wafanyakazi wa chuma walipewa wakistaafu baada ya miaka 30 ya kazi, ili ziwavushe mpaka wafikie umri wa pensheni ya serikali, hazikudhaminiwa kwa sehemu kubwa. Mtu wa miaka 55 aliyekuwa amefanya kazi tangu ujana ndiye aliyepunguziwa zaidi. Na bima ya afya haikudhaminiwa kabisa. Ya wastaafu wa LTV iliisha mwishoni mwa Machi 2002, ya Bethlehem mwishoni mwa Machi 2003. Wenye miaka 65 walikuwa na bima ya serikali kwa wazee. Wenye kati ya 55 na 64 wanaolipwa na PBGC walipata, kwa sheria ya biashara ya mwaka 2002, nafuu ya kodi ya asilimia 65 ya gharama ya bima, iliyobaki wajitafutie. Mikataba ya ISG na chama iliweka fungu la faida kwa ajili ya mfuko wa afya wa wastaafu, na chuma kilipopanda bei fungu hilo lilipata fedha. Lilikuwa msaada. Halikurudisha kilichoahidiwa.

Je, Ross aliwavunjia ahadi? Aliyeahidi hakuwa yeye, na ahadi zilikuwa zimekwishakosa fedha kabla hajafika. Hilo ni kweli na lisemwe. Ni kweli pia kwamba bei aliyolipa iliwezekana kwa sababu ahadi hizo zilibaki kwenye ganda. Mwanafunzi anayeandika ripoti ya uwekezaji wa namna hii na kuonyesha faida bila kuonyesha mstari huo ameandika nusu ya hesabu. Sikubaliani na wanaosema mstari huo ni kazi ya wanasiasa. Ni kazi ya mhasibu, kwa sababu yeye ndiye mwenye takwimu.

Wakati nao ulimsaidia. Machi 5, 2002 Rais George W. Bush alitangaza ushuru wa hadi asilimia 30 kwa chuma kutoka nje, majuma machache baada ya Ross kuunda ISG. Ushuru huo uliondolewa Desemba 2003, mwezi uleule ISG ilipouza hisa kwa umma kwa dola 28 kila moja. Kufikia hapo mahitaji ya China yalikuwa yanapandisha bei duniani, na mwaka 2004 tani ya mabamba ilipita dola 700. Mittal ililipa dola 42 kwa hisa, nusu taslimu na nusu hisa zake.

Kwenye nguo upepo haukuvuma hivyo. Baada ya Burlington alinunua Cone Mills mwaka 2004, akaziunganisha kuwa International Textile Group. Januari 1, 2005 mgawo wa kimataifa uliokuwa unazuia nguo za bei nafuu kuingia Marekani ulifikia mwisho. Tarehe hiyo ilijulikana miaka kumi kabla. Kampuni ilikopa ikajenga viwanda nje, kikiwemo cha denimu Nicaragua kilichosimama mwaka 2009, na kiwanda cha denimu cha White Oak huko Greensboro kilifungwa mwishoni mwa 2017. Mbinu zilikuwa zilezile, mtu yuleyule. Unaweza kuifuta historia ya kampuni mahakamani, ila mahakama haiwezi kukupa bei nzuri sokoni.

Na kuna jambo ambalo jedwali la fedha halilionyeshi. Mwaka 2004 alinunua mali za Horizon, kampuni ya makaa ya mawe, akaunda International Coal Group, ambayo Novemba 2005 ilikamilisha kuinunua Anker, mwenye mgodi wa Sago, West Virginia. Januari 2, 2006 mgodi huo ulilipuka. Wachimbaji 13 walinaswa, 12 wakafa. Wakaguzi wa serikali walikuwa wameandika makosa mengi ya usalama mgodini humo mwaka 2005. Ukinunua mgodi au kiwanda kilichokuwa kinakosa fedha, jua kwamba matengenezo na usalama ndivyo vilivyokatwa kwanza, kwa sababu havilalamiki juma lilelile. Daftari la ukaguzi lisomwe kabla ya kusaini, na gharama ya kurekebisha iwekwe ndani ya bei.

Wengine mtauliza haya yanahusu nini kwetu. Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, inayoruhusu msimamizi kuendesha kampuni huku wadai wakizuiwa kuikamata. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018. Biashara yake ya Kenya ikauzwa kwa National Cement kwa dola milioni 50, na kiwanda cha Maweni cha Tanga kikaenda kwa Huaxin ya China kwa dola milioni 116. Ni ufundi uleule wa kutenganisha mali na deni. Tofauti kubwa iko chini ya ngazi: katika mpangilio wa malipo wa sheria ya Kenya, mshahara ambao haujalipwa una kipaumbele kwa miezi minne tu kabla ya ufilisi, na kwa kikomo cha shilingi 200,000 kwa mfanyakazi. Hakuna PBGC ya kuupokea mzigo unaobaki. Kwa hiyo mkikagua kampuni hapa, anzeni na michango ya pensheni iliyokatwa kwenye mishahara na haikupelekwa kwenye mfuko. Ndiyo mikopo ya kimyakimya ambayo kampuni inayozama huchukua kwanza, na mkopeshaji wake hajui kwamba amekopesha.

Nimalizie na viwanda vyenyewe. Katika fungu alilonunua Ross kulikuwa na Cleveland ya LTV, na Sparrows Point ya Bethlehem, karibu na Baltimore. Cleveland ilipita kwa Mittal, na Desemba 2020 ikachukuliwa na Cleveland-Cliffs, ikiwa bado inayeyusha chuma. Sparrows Point iliuzwa kwa Severstal ya Urusi mwaka 2008 kwa agizo la serikali ya Marekani la kulinda ushindani, ikauzwa tena 2011, na Mei 2012 mmiliki wake mpya akafilisika. Safari hiyo hakupatikana wa kulipia moto. Tanuri lilipoa, na Januari 2015 likabomolewa kwa baruti.